Goti Lililosingiziwa: Kisa cha Fundi wa Gikomba

Goti halikuwa na kosa kubwa. Naanza na hilo kwa sababu kwa karibu miaka miwili kila aliyemhudumia mama huyu alilishughulikia goti lake la kulia. Mmoja alilidunga, mwingine alilichua, na mimi nililipiga picha. Ugonjwa wenyewe ulikuwa nyongani.

Nitamwita Fundi, maana ndivyo wanavyomwita sokoni. Ana miaka 47, anaishi upande wa Kariobangi, na kila siku isipokuwa Jumapili yuko soko la Gikomba, Nairobi, akipunguza suruali za mitumba, akikaza viuno na kubadilisha zipu kwa cherehani ya kukanyaga. Mimi ni afisa wa kliniki katika kituo kimoja cha Eastlands, upande wa wagonjwa wa nje. Mambo machache nimeyabadilisha ili asitambulike. Nilimsomea maandishi haya kabla ya kuyatoa, akacheka mahali pamoja tu, pakifika nitapataja.

Historia yake kwa ufupi. Aligundulika na VVU mwaka 2008, CD4, yaani chembe za kinga, zikiwa 61 tu. Akaanzishiwa stavudini, lamivudini na nevirapini, mseto wa enzi hizo. Stavudini ilimnyonya mafuta ya mashavu na kumwachia nyayo zinazowaka moto usiku. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziiache hatua kwa hatua, naye akahamishiwa zidovudini. Mwaka 2015 kipimo cha wingi wa virusi kikaonyesha kwamba dawa zimeshindwa, akapandishwa safu ya pili: tenofoviri, lamivudini, na atazanaviri iliyotiwa nguvu kwa ritonaviri. Tangu hapo hajakosa hata mara moja. Kadi yake ya CCC, kliniki ya wenye VVU, ina herufi tatu zinazojirudia mstari baada ya mstari: LDL, yaani virusi ni vichache mno hata mashine haivihesabu.

Herufi hizo tatu ni furaha ya kweli kwa mgonjwa, na anastahili kuifurahia. Kwetu wahudumu zimegeuka muhuri. Mtu akiwa LDL tunamwona amemaliza mtihani: apewe dawa za miezi yake, aende. Kama ana jambo la mguu, hilo si la VVU, avuke aende kwa wagonjwa wa nje. Na kule kwa wagonjwa wa nje ndiko nilikokuwa nimekaa mimi.

Alifika kwangu mara ya kwanza Mei 2023.

"Daktari, hii mguu inanimaliza."

"Wapi hasa, mama?"

Akashika goti la kulia kwa mikono yote miwili, kama mtu anayemshika mwizi. Nikalipapasa. Halikuwa limevimba, halikuwa na joto. Nikauliza kama kuna dawa anazotumia kila siku, akasema hapana, za maumivu tu. Mlango ulikuwa wazi na mgonjwa aliyefuata alikuwa tayari amesimama kizingitini. Hilo nilikuja kulikumbuka baadaye. Niliona pia kwamba weupe wa macho yake ulikuwa na unjano. Nilipomuuliza, akajibu upesi, "Hayo ni ya kawaida yangu." Nikaandika vipimo vya ini na picha ya goti. Picha ilirudi na uchakavu mdogo, wa kawaida kabisa kwa mwanamke wa umri wake aliyekanyaga cherehani kwa miaka ishirini. Nikampa parasetamoli na karatasi ya mazoezi. Majibu ya ini yalitoka baada ya siku mbili, yakawekwa kwenye faili, na sikuyafungua.

Sikumlaza kitandani. Kosa langu la kwanza ndilo hilo, na ni kosa la dakika mbili. Mtu mzima akija na goti linalouma ilhali goti lenyewe linakunjika na kunyooka bila shida, nyonga lazima ichunguzwe. Hili linafundishwa mwaka wa pili wa chuo. Foleni ya saa tano asubuhi hulisahaulisha.

Alirudi Septemba. Safari hii nilimsikia kabla sijamwona: hatua moja nzito, moja nyepesi, kwenye sakafu ya korido. Alikuwa akiegemea upande wa kulia kila alipoukanyaga mguu ule. Alisema kupanda matatu kumekuwa kazi, kwa sababu makanga hawangoji mtu ainue mguu kwa mikono. Kuvaa soksi hawezi. Na usiku, hata akiwa amelala tu, maumivu yanakuja yenyewe.

Nikafunga mlango, nikamlaza. Goti nililikunja hadi mwisho, hakushtuka. Kisha nikaikunja nyonga, goti likiwa limekunjwa pia, nikausukuma unyayo wake taratibu kuelekea nje, ambayo ndiyo njia ya kuizungusha nyonga kwa ndani. Sikufika popote. Akanikamata mkono.

"Hapo! Hapo ndipo goti linauma!"

Hapo ndipo alipocheka niliposoma. Ila siku ile hakuna aliyecheka. Mkono wangu ulikuwa umezungusha nyonga, goti halikuguswa, naye alisikia maumivu gotini kwa uhakika wote. Sababu ni nyaya: neva iitwayo obtureta hupeleka matawi kwenye nyonga na pia kwenye upande wa ndani wa goti, na ubongo ukipokea malalamiko kupitia neva hiyo hukosea anwani. Wapo watu waliofanyiwa mambo makubwa gotini kwa ugonjwa wa nyonga. Upande wa kulia, mzunguko wa ndani ulikuwa digrii 5 hivi. Kushoto ulikuwa 30, na hauna maumivu.

Akiwa amelala vile, blauzi imepanda kidogo, nikaona vingine. Michirizi ya zambarau tumboni, mipana kama kidole. Mavilio ya damu mikononi ambayo hakukumbuka alijigonga wapi. Kinundu cha mafuta chini ya shingo. Uso ulikuwa mviringo kama mwezi mpevu, mashavu mekundu kidogo, lakini mapaja na mikono imekonda. Nilipomwomba ainuke kwenye stuli bila kushika meza, alishindwa. Presha 158 kwa 96.

Sasa yale macho ya njano yakarudi akilini. Nikavuta faili, nikayasoma majibu ya Mei. Vimeng'enya vya ini vilikuwa sawa kabisa. Kilichokuwa juu ni bilirubini peke yake, ile ambayo ini halijaishughulikia. Mtu akiwa hivyo, mnene kiasi, mchangamfu, hana homa, katika mji huu, kuna maelezo machache, na moja linajulikana vizuri na kila aliyewahi kufanya kazi CCC. Atazanaviri huziba kimeng'enya kinachosafisha bilirubini, kwa hiyo huyafanya macho kuwa ya njano bila kudhuru ini. Wanaoitumia hujuana kwa macho.

Sikumuuliza tena kama anatumia dawa. Nilimuuliza, "Mama, CCC unahudumiwa hapa hapa au kwingine?"

Akanyamaza kidogo. "Hapa hapa. Mlango ule wa nyuma."

Faili zake mbili zilikuwa jengo moja, hatua arobaini kutoka moja hadi nyingine, na hazikuwa zimewahi kukutana.

Kisha akatoa kipande kilichokosekana. Goti, goti lenyewe la uchakavu, lilianza kumsumbua mwishoni mwa 2021. Jirani akampeleka kwa kemisti anayesifika kwa sindano ya magoti. Alidungwa kando ya goti, na ndani ya siku tatu alikuwa kama msichana. Nafuu ilidumu miezi miwili na zaidi. Akarudi. Kwa jumla sindano nne ndani ya miezi kumi na minne. Ya mwisho, mapema 2023, alidungwa kwa maumivu mapya, makali zaidi, yaliyokuwa yameanzia kinenani. Ni lazima niseme kwamba kijana wa kemisti hakuficha kitu. Fundi alipomwendea kuuliza ni dawa gani, aliiandika nyuma ya bahasha: triamsinoloni, miligramu 40.

Triamsinoloni ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Mtu wa kawaida akidungwa kiasi hicho, ini humaliza kazi na mwili huisahau baada ya wiki chache. Ini hufanya hivyo kwa kimeng'enya kiitwacho CYP3A4. Ritonaviri, kwa dozi ndogo anayopewa mgonjwa wa safu ya pili, haipo pale kuua virusi. Kazi yake ni kukifunga mikono kimeng'enya hicho hicho ili atazanaviri ikae mwilini muda mrefu. Ritonaviri haichagui ni dawa gani ya kuiacha ipite. Steroidi iliyovuja kutoka gotini kuingia kwenye damu ilikuta mlango wa kutokea umefungwa, ikakaa miezi. Na kabla haijaisha, nyingine iliongezwa juu yake. Sindano moja tu imewahi kuwafikisha watu hapo; yeye alikuwa na nne.

Hapa kuna jambo ambalo halimo kwenye vitabu vya dawa lakini ndilo lililonikaa moyoni. Fundi alinenepa uso mwaka wa 2022, na soko zima likampongeza. Wateja walimwambia amependeza. Dada mmoja wa kikundi chao cha CCC, aliyemjua tangu enzi za stavudini, alimwambia dawa zimekukubali. Kizazi chetu kilijifunza kuutambua Ukimwi kwa kukonda. Watu waliangaliwa mikono na shingo kanisani. Kwa hiyo mashavu yaliyojaa yalikuwa cheti. Nani angemwendea daktari kulalamika kwamba uso wake umejaa? Hata muuguzi aliyempima uzito aliandika kilo zimeongezeka, vizuri. Kiuno kilichonenepa kikiwa na miguu iliyokonda si kunenepa, lakini mizani haijui tofauti.

Baada ya hapo kazi ilikuwa kuthibitisha, na kabla ya kuthibitisha, kuondoa mengine. Ukiwa Nairobi, mwenye VVU akikuletea nyonga inayouma, kitu cha kwanza kukiogopa ni kifua kikuu cha mfupa. Kinapenda uti wa mgongo, kisha nyonga na goti. Lakini Fundi hakuwa akitoka jasho usiku, hakuwa amepungua, picha ya kifua ilikuwa safi na kipimo cha uvimbe kwenye damu hakikupanda. Usaha ndani ya misuli, ule unaoletwa zaidi na bakteria ya stafilokoka na ambao hupenda paja, ungempa homa na paja gumu lenye joto. VVU yenyewe, bila kuhitaji msaidizi, inaweza kuvimbisha viungo vikubwa vya miguu, lakini ugonjwa huo kwa kawaida huja kwa kasi na kuondoka ndani ya wiki sita bila kula mfupa. Kuna pia uvimbe wa viungo unaofuata maambukizi ya tumbo au ya njia ya mkojo. Zamani ulikuwa nadra sana kusini mwa Sahara, kwa kuwa jeni inayouvuta, HLA-B27, ni adimu kwetu. VVU ilipoenea, madaktari wa Zambia na majirani zake wakaanza kuuona mara kwa mara. Huo huvimbisha kifundo na goti waziwazi. Goti la Fundi lilikuwa kavu.

Picha ya nyonga ndiyo niliyopaswa kuiomba Mei. Upande wa kulia, ndani ya kichwa cha mfupa wa paja, chini tu ya uso wake, kulikuwa na mstari mwembamba mweusi uliopinda kama mwezi mwandamo. Juu ya mstari huo kichwa kilikuwa kimeanza kubonyea. Nafasi kati ya kichwa na kikombe chake ilikuwa bado ipo, na hilo ni muhimu: kifua kikuu hula pande zote mbili za kiungo na kuifuta nafasi mapema, ilhali mfupa uliokufa huporomoka kwanza huku gegedu ikiwa bado imesimama. Upande wa kushoto picha ilisema hakuna tatizo. Sikuiamini. Mfupa uliokufa huchukua muda mrefu kuonekana kwenye eksirei, na ugonjwa huu hupenda kushika nyonga zote mbili. MRI, picha ya sumaku inayoona zaidi ya eksirei, ilipofanyika, baada ya wiki sita za kuchangishana kwenye chama chao na kwa ndugu, ilionyesha eneo lililokufa kushoto pia, dogo, bado halijabonyea.

Jina la ugonjwa ni osteonekrosisi, kufa kwa mfupa kwa kukosa damu. Kichwa cha mfupa wa paja kina bahati mbaya ya kimaumbile: damu yake karibu yote hupita kwenye mishipa michache myembamba inayotambaa shingoni mwa mfupa. Steroidi hunenepesha chembe za mafuta ndani ya uloto, huongeza mafuta kwenye damu, na mishipa ile hubanwa au kuzibwa. Mfupa uliokufa hauumi mara moja, unaendelea kumbeba mtu kwa miezi. Maumivu huja pale mwili unapojaribu kuukarabati, unapokula mfupa wa zamani haraka kuliko unavyojenga mpya, na tao zima linapasuka kutoka ndani.

Kwa watu wenye VVU jambo hili liliripotiwa mara ya kwanza mwaka 1990. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapiga MRI watu 339 wenye VVU ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya nyonga. Watu 15 kati yao tayari walikuwa na mfupa uliokufa. Katika watu 118 wasio na VVU waliopimwa pamoja nao hakupatikana hata mmoja. Steroidi ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoambatana na ugonjwa, pamoja na dawa za kushusha mafuta ya damu. Pombe, sigara na CD4 zilizowahi kushuka sana pia hutajwa mara nyingi katika visa vya namna hii.

Fundi hanywi wala havuti. CD4 zake ziliwahi kuwa 61. Kwa hiyo ukiniuliza ni nini kilimuua mfupa, VVU ya 2008 au sindano za 2022, nitakuambia mwanzo wake huenda ulikuwepo, lakini sindano ndizo zilizosukuma. Michirizi ile ya zambarau haikutokana na virusi.

Na misuli je? Kule kushindwa kuinuka kwenye stuli nilikuwa nimekuhesabu kuwa ni maumivu ya nyonga. Daktari bingwa aliyenisaidia alinirekebisha: udhaifu ulikuwa wa pande zote mbili, na wa mabega pia, hata kuanika nguo kulimchosha. Watu waliotumia zidovudini kwa muda mrefu hupata udhaifu wa misuli kwa sababu dawa hiyo huharibu mitokondria, vile vinu vya nishati ndani ya seli. Lakini yeye aliiacha 2015, na ugonjwa huo hupungua dawa ikiachwa. Kipimo cha CK, ambacho hupanda misuli inapobomoka, kilikuwa cha kawaida. Udhaifu wenye CK ya kawaida, juu ya mapaja, kwa mtu mwenye uso wa mwezi: ni steroidi tena. Hupunguza misuli bila kuipasua, kama nguo inayochakaa kwa kufuliwa.

Kilichofuata ndicho kilichonitisha kuliko nyonga. Kotisoli yake, yaani steroidi ya asili ya mwili, iliyopimwa saa mbili asubuhi ilikuwa chini sana. Tezi zilizo juu ya figo, zinazotengeneza steroidi ya asili inayotuwezesha kuhimili homa, ajali na upasuaji, zilikuwa zimelala kwa kuona mwili umejaa steroidi ya nje. Fikiria: mtu amejaa dalili za steroidi nyingi, na wakati huo huo yuko hatarini kufa kwa kukosa steroidi. Wazo la kwanza la kila mtu, langu pia, lilikuwa kuondoa ritonaviri kesho asubuhi. Lakini ukikifungua kimeng'enya ghafla, triamsinoloni iliyobaki husafishwa upesi, na tezi bado zimelala. Mgonjwa anaweza kuanguka presha ndani ya siku chache.

Tulipiga simu ya Uliza, laini ambayo wahudumu wa VVU nchini hutumia kushauriana kuhusu wagonjwa wagumu, na tukamhusisha daktari wa homoni. Utaratibu ukawa huu: apewe vidonge vya haidrokotisoni, mbadala wa kotisoli, kwa dozi ya kulinda, afundishwe kuiongeza akiugua homa, kisha ndipo abadilishiwe dawa. Hili la kubadilisha lilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani, kwa sababu mwaka huo huo wa 2023 ulichapishwa utafiti uliofanywa hapa hapa Kenya kwa watu 795 waliokuwa safu ya pili na virusi vimedhibitiwa. Nusu walibaki kwenye dawa zenye ritonaviri, nusu wakahamia dolutegraviri, isiyohitaji ritonaviri, na baada ya wiki 48 hapakuwa na tofauti kati yao katika kudhibiti virusi. Fundi akahamia. Wiki tatu baadaye alinipigia akiwa na swali moja tu: mbona watu wanamuuliza kama ameacha kuugua ini. Macho yalikuwa meupe.

Tenofoviri tuliijadili sana. Inajulikana kupunguza msongamano wa mifupa, hasa mwaka wa kwanza au miwili ya matibabu, kisha kasi hupungua, na kwa wachache huifanya figo kumwaga fosfeti hadi mfupa ukalainika. Yeye alikuwa na steroidi juu yake, na hedhi ilikuwa inaelekea kukoma. Figo na fosfeti zilikuwa sawa, kwa hiyo iliachwa, akaongezewa kalsiamu na vitamini D na kupangiwa vipimo vya karibu zaidi. Kuna mwenzangu ambaye angeibadilisha. Sijamshinda kwa hoja wala yeye hajanishinda.

Nyonga ya kulia haikuwa na njia ya kurudi. Kichwa kikishabonyea, magongo na dawa ni vya kununua muda. Kushoto daktari wa mifupa alipendekeza kutoboa mfupa ili kupunguza shinikizo la ndani na kuamsha damu, njia ambayo ina maana kabla ya kubonyea na haina maana baada yake. Fundi alimsikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kwa hivyo nitoboe huu usiouma ili usiume?" Daktari akasema ndiyo, kwa namna hiyo. Akakataa. Nilijaribu kumshawishi mara mbili. Nadhani bado ningemshawishi leo, lakini namwelewa: mguu wa kushoto ndio uliokuwa ukimlisha. Mume wa jirani alimfungia cherehani mota ya stima, pedali ikahamia kushoto.

Bima yake ya NHIF ilikuwa imelala kwa kutolipiwa ile mia tano ya kila mwezi. Akaifufua, akangoja, kisha Oktoba 2024 NHIF ikaondoka na SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ikaingia, na yakaanza mapya ya usajili na michango. Haya nayapita haraka. Kila Mkenya ana lake. Nyonga ya kulia ilibadilishwa 2025. Kabla ya hapo daktari mmoja alikuwa amesita kwa sababu ya VVU. Hakupaswa kusita: mgonjwa ambaye virusi vimedhibitiwa na CD4 ziko juu hana sababu ya kunyimwa nyonga bandia. Kilichohitaji uangalifu ni zile tezi, na alipewa haidrokotisoni ya mshipa siku ya upasuaji.

Nimeulizwa na wenzangu somo la kupeleka kwa makemisti ni lipi. Mimi naona tuanze kwetu. CCC ilipewa mlango wa nyuma kwa nia njema: katika miaka ya aibu kuu, mlango wa mbele ungewafukuza watu. Lakini mlango ule ule ulimfanya Fundi kuwa wagonjwa wawili, mmoja mwenye VVU asiye na miguu na mwingine mwenye mguu asiye na VVU. Vituo vingi sasa vinaunganishwa, hasa tangu misaada ya Marekani ilipotikisika 2025, na wengine wanahofia siri zitavuja. Hofu hiyo naiona ni ya haki. Ila najua pia siri ile ilimgharimu nini mama mmoja.

Jambo la matumizi kwa wanaosoma hapa na kutumia dawa zenye ritonaviri, au kobisistati inayofanya kazi ile ile. Huhitaji kumtajia kemisti ugonjwa wako. Sentensi inatosha: "Natumia dawa inayogongana na steroidi, usinidunge kabla ya kumuuliza daktari wangu." Si sindano tu. Flutikasoni na budesonidi, zinazopatikana kwenye dawa za pumu za kuvuta na za kupulizia puani, nazo hukwama vile vile. Beklometasoni ni salama zaidi. Wengi wenu mko kwenye kidonge cha dolutegraviri, tenofoviri na lamivudini, na hicho hakimo katika ugomvi huu. Na asiwepo wa kuacha dawa kwa kusoma kisa hiki. Virusi visivyodhibitiwa humdhuru mtu kuliko kidonge chochote nilichokitaja.

Miezi ishirini baada ya kubadilishiwa dawa, kotisoli yake ya asubuhi ilirudi mahali pake na haidrokotisoni ikaachwa pole pole. Uso umekuwa mwembamba. Sokoni wameanza kumuuliza kwa sauti ya chini kama yuko sawa, na yeye huwajibu kwamba hajawahi kuwa sawa hivi. Anainuka kwenye stuli bila kushika meza.

Alikuja wiki iliyopita kwa ajili ya kushoto. Anasema ni uchovu wa mota mpya. Nilimlaza, nikakunja, nikausukuma unyayo kuelekea nje. Ulifika digrii 25, kisha akanishika mkono. Hakusema goti. Nimemwandikia picha nyingine.